SOMA MTO KABLA YA KURUSHA NDOANA
Somo la uvuvi wa nzi bandia kwa wakaazi, kutoka mito ya trauti hadi Chepkoilel yetu

Mkaazi mwenzetu, ukipita karibu na daraja lolote la Mto Chepkoilel huku Kimumu siku ya Jumamosi, utaona vijana wamekaa na vijiti, uzi wa nailoni, ndoana na nyungunyungu kwenye kopo. Wengi wao hukaa mahali pamoja, pale pale panapofikika kwa urahisi. Wakikosa samaki, husema mto umeisha. Pengine ni kweli mto una shida, na tutalifikia jambo hilo. Lakini mara nyingi tatizo la kwanza ni kwamba hatujajifunza kuusoma mto.

Somo la toleo hili limetokana na swali ambalo ofisi yetu imeulizwa zaidi ya mara moja: je, ule uvuvi wa samaki aina ya samoni tunaouona kwenye televisheni, mtu akisimama majini na fimbo ndefu huku akirusha uzi hewani, unaweza kufanyika Kenya? Tutajibu, kisha tutajifunza sehemu za mto, jinsi ya kurusha, na zoezi ambalo familia yoyote ya Kimumu inaweza kufanya bila kununua chochote.

JIBU FUPI

Samoni hayuko katika mito ya Kenya. Samoni wa Atlantiki huzaliwa kwenye mito ya baridi ya kaskazini, kwa mfano Tay na Spey huko Scotland, huenda baharini kunenepa, kisha hurudi mtoni kutaga mayai. Ndugu yake wa karibu, trauti, yuko Kenya. Trauti na samoni ni wa ukoo mmoja, na huvuliwa kwa mbinu zinazokaribiana.

Trauti si mwenyeji wa hapa. Trauti wa kahawia aliletwa mwaka wa 1905 kutoka Scotland na kuwekwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Trauti wa upinde, ambaye asili yake ni magharibi ya Amerika Kaskazini, alifuata mwaka wa 1910 kupitia Afrika Kusini. Mwaka wa 1948 kituo cha kuzalisha vifaranga vya trauti kilianzishwa Kiganjo, Nyeri. Leo trauti huvuliwa katika mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya, kama Thego, Sagana na Burguret, na ile ya Aberdare. Upande wetu wa Bonde la Ufa, mto unaojulikana sana ni Kiptiget, unaotoka msitu wa Mau na kupita eneo la Kericho.

Kwa nini si Chepkoilel? Trauti anahitaji maji baridi, safi na yenye oksijeni nyingi. Maji yakipita nyuzi 20 za selsiasi, anaanza kuhangaika na kuacha kula. Sababu ni rahisi: maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni, lakini yakifika nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8 tu. Huku kwetu juu, hewa ikiwa nyepesi, viwango vyote viwili hupungua zaidi. Mto unaotambaa polepole kati ya mashamba, ukichomwa na jua bila kivuli cha miti, haumfai. Kambale, ambaye anaweza kupumua hewa ya juu ya maji, hana wasiwasi huo.

VIFAA, KWA UFUPI

Nzi bandia ni ndoana ndogo iliyofungwa nyuzi, manyoya ya ndege au ya mnyama ili ifanane na mdudu. Haina uzito. Hapo ndipo uvuvi huu unapotofautiana na ule wa chubwi na nyungunyungu. Ukiwa na chubwi, uzito ulio mwishoni huvuta mshipi. Katika uvuvi wa nzi bandia, mshipi wenyewe ndio mzito, nao hubeba nzi. Mwisho wa mshipi mzito hufungwa uzi mwembamba wa nailoni, urefu wa mita mbili au tatu, ili samaki asione mshipi mkubwa ukitua karibu na nzi.

Kurusha huanza na kuinua fimbo. Fikiria uso wa saa ya ukutani. Peleka fimbo nyuma hadi namba 1, ngoja mshipi unyooke nyuma yako, kisha ulete mbele na usimame kwenye namba 10. Neno muhimu ni "ngoja". Anayeanza huharakisha, mshipi unamwangukia kichwani au unanasa mtini. Jizoeze kwanza uwanjani, bila ndoana, ukiwa umefunga kipande cha uzi wa sweta badala ya nzi.

SEHEMU TANO ZA MTO

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mto si mfereji wenye maji ya aina moja. Ndani ya mita 100 unaweza kukuta sehemu tano tofauti, kila moja na kazi yake katika maisha ya samaki.

1. Maji ya mawe. Haya ni maji mafupi ya kina, yanayokimbia na kurukaruka juu ya kokoto na mawe. Yana kelele. Kule kurukaruka huchanganya hewa na maji, hivyo oksijeni ni nyingi. Chini ya mawe hukaa mabuu ya wadudu, ambayo ndiyo chakula kikuu cha trauti. Usipite hapa kwa dharau kwa sababu maji hayafiki magotini. Asubuhi na jioni samaki husogea hapa kula, na uso wa maji uliovurugika huwaficha.

2. Mkondo. Maji ya mawe yakiisha, hukusanyika na kuwa mkondo wenye kina cha wastani na mwendo wa kutosha. Angalia povu. Mahali povu linapopita ndipo chakula kinapopita. Mara nyingi utaona mstari kati ya maji ya haraka na maji ya polepole. Samaki husimama upande wa polepole, asichoke, na kunyakua kinachopita upande wa haraka, kama mama mboga anavyokaa kando ya barabara badala ya katikati ya magari.

3. Kidimbwi. Hii ni sehemu ya kina kirefu, maji yametulia, mara nyingi kwenye kona ya mto. Ni mahali pa kupumzikia na kujificha jua likiwa kali au mto ukipungua. Samaki wakubwa wako hapa, lakini mara nyingi hawali. Kichwa cha kidimbwi, pale mkondo unapoingia, kina matumaini zaidi kuliko katikati.

4. Mkia wa kidimbwi. Kabla maji hayajamwagika kuingia sehemu inayofuata, kina hupungua na uso huwa laini kama kioo. Jioni samaki hurudi nyuma hadi hapa kuokota wadudu wanaoelea. Lakini maji ni angavu na samaki anaona kila kitu. Ukisimama wima umeshamkosa. Trauti pia hutaga mayai kwenye kokoto za mahali kama hapa, ambapo maji safi hupenya katikati ya mawe na kuyapa mayai oksijeni. Ukiona kokoto zimefagiliwa na kung'aa, hapo ni chumba cha uzazi. Zunguka.

5. Mawe makubwa na kingo zilizochimbika. Nyuma ya jiwe kubwa kuna mahali patulivu panapotosha samaki mmoja au wawili. Mbele ya jiwe pia pana mto mdogo wa maji tulivu, jambo ambalo wengi hawalijui. Na pale mto ulipokula udongo chini ya ukingo, mizizi ya miti ikining'inia, pana nyumba yenye paa. Nzi akipita sentimita chache kutoka kwenye mizizi hiyo, usishangae mshipi ukikazika.

Mara yangu ya kwanza kwenye Kiptiget nilitumia asubuhi nzima kurusha katikati ya kidimbwi kikubwa, kwa sababu ndicho kilichonivutia macho. Sikupata hata dalili. Mzee mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe ng'ambo aliniangalia kwa muda, kisha akaniita. "Kijana, hapo wamelala. Wanakula pale maji yanapopiga kelele." Nilimwambia, "Asante, mzee," nikahamia juu kidogo, kwenye maji ya mawe niliyokuwa nimeyakanyaga nikija. Samaki wa kwanza alikamata kabla sijahesabu mirusho kumi. Nilikuwa nimetembea juu ya meza ya chakula ili nikae chumbani kwao cha kulala.

JINSI YA KUSOGEA NA KURUSHA

Samaki wa mtoni huelekeza kichwa juu, mahali maji yanapotoka, kwa kuwa chakula na oksijeni hutoka huko. Maana yake ni kwamba ukitokea chini ya mto unakuwa nyuma yake. Tembea polepole, inama, na usiburute miguu kwenye kokoto, kwani samaki husikia mtikisiko. Hakikisha kivuli chako hakitangulii.

Kwenye maji ya mawe na nyuma ya mawe makubwa, rusha kuelekea juu, umbali mfupi, na umwache nzi ashuke kwa mwendo wa maji yenyewe. Mshipi ukikamatwa na mkondo wa haraka, nzi ataburutwa na samaki atajua kuna udanganyifu. Inua fimbo na urudishe tumbo la mshipi juu ya mto ili nzi apate nafasi ya kuelea.

Kwenye mkondo mpana, unaweza kurusha ukikata mto kuelekea chini, kisha ukaacha mkondo umzungushe nzi polepole hadi upande wako. Hii ndiyo njia ya zamani ya kuvua samoni. Mvuvi hurusha, anaacha nzi azunguke, anashuka hatua moja, anarusha tena, mpaka amalize sehemu yote. Samoni akipanda mto kutaga karibu haongezi chakula tumboni, kwa hiyo mvuvi hamlishi bali humchokoza. Trauti kwa upande wake huwa na njaa kweli. Ndiyo sababu mvuvi wa trauti anapaswa kugeuza jiwe na kuangalia wadudu waliopo kabla ya kuchagua nzi.

Ukimpata samaki usiyetaka kumla, lowesha mikono kabla ya kumshika, kwa sababu mkono mkavu humwondolea ute unaomlinda na magonjwa. Mtoe ndoana akiwa ndani ya maji, mshike akielekea juu ya mto hadi apate nguvu, kisha mwache aende.

MVUA, TOPE NA SAMONI WETU

Wakulima wa Uasin Gishu wanajua kalenda hii vizuri. Tunalima na kupanda mahindi mvua zinapoanza mwezi wa Machi na Aprili, ardhi ikiwa wazi. Mvua kubwa ikipiga shamba lililolimwa hadi ukingoni, udongo huingia mtoni na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kwa mvuvi wa nzi bandia, siku hiyo imekwisha, kwani samaki haoni nzi. Lakini hasara ya mto ni kubwa kuliko hiyo. Tope hutua kati ya kokoto, huziba nafasi wanamoishi mabuu, na hufunika mayai. Maji ya mawe hugeuka kuwa sakafu ya matope, kidimbwi hujaa na kuwa kifupi, na baada ya misimu kadhaa zile sehemu tano zinakuwa sehemu moja. Mto wa sehemu moja hauna mahali pa kula, pa kujificha wala pa kuzalia.

Jambo hili haliwahusu wavuvi wa trauti peke yao. Mito ya kaunti yetu, ikiwemo Sosiani inayopita katikati ya Eldoret na kuingia Kipkaren, iko katika bonde la Ziwa Victoria. Mto Nzoia unaopokea maji ya Kipkaren una samaki ambaye tabia yake inafanana na ya samoni. Anaitwa ningu. Hukaa ziwani, na mvua zikijaza mito hupanda kwenda kutaga kwenye maeneo yaliyofurika, kisha hurudi. Zamani alikuwa miongoni mwa samaki muhimu zaidi katika mito inayoingia ziwani. Katikati ya karne iliyopita uvuvi wake uliporomoka, sababu kubwa ikiwa nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito wakati huo huo samaki walipokuwa wakipanda na mayai tumboni. Waliovua siku hizo walidhani wana mavuno mazuri, kumbe walikuwa wakivua mavuno ya miaka iliyofuata.

Kwa hiyo kijana anayekokota chandarua cha mbu huku juu akidhani anakamata vidagaa visivyo na maana, na mkulima anayelima hadi maji yanapoanzia, wote wanagusa mto ambao una watu wengine chini yake. Na tusisahau kwamba maji ya kunywa ya Eldoret hutoka kwenye mito hiyo hiyo ya nyanda za juu, ikiwemo Moiben kupitia bwawa la Chebara.

ZOEZI LA KIMUMU

Zoezi hili halihitaji fimbo wala leseni. Chukua watoto wako siku isiyo na mvua, maji yakiwa chini, na mtu mzima awe karibu nao muda wote.

Kwanza, tembeeni mita 100 kando ya mto na mchore ramani kwenye daftari. Wekeni alama mahali penye maji ya mawe, mkondo, kidimbwi, mkia na kingo zilizochimbika. Ikiwa mnaona aina moja tu ya maji, andikeni hivyo. Hilo pia ni jibu.

Pili, tupeni jani kavu juu ya maji na mlifuate kwa macho. Mahali linapoharakisha, linapozunguka na linaposimama, ndipo chakula cha samaki kinapofanya vivyo hivyo.

Tatu, inueni mawe matatu kutoka maji ya kasi, mwangalie chini yake, kisha myarudishe yalivyokuwa. Mkiona mabuu yenye miguu sita na mikia miwili au mitatu, hiyo ni dalili njema, kwa sababu wengi wa wadudu hao hawavumilii maji machafu. Mkiona minyoo myekundu tu na ute wa kijivu, mto unawaambia kuna uchafu unaoingia juu yenu.

Rudieni zoezi mwezi wa Mei, kisha Desemba, na mlinganishe ramani. Shule zetu zinaweza kulifanya kama kazi ya sayansi. Chuo Kikuu cha Eldoret, ambacho ni jirani yetu hapa Kimumu, hufundisha masomo ya samaki na maji na kina mabwawa ya kufugia samaki. Kijana anayeona zoezi hili linampendeza ajue kwamba kuna taaluma ndani yake.

SHERIA NA USALAMA

Uvuvi nchini unaongozwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka wa 2016. Kabla ya kwenda kuvua kwa burudani kwenye mto wa trauti, pitia ofisi ya uvuvi uulize kuhusu leseni, ukubwa na idadi ya samaki unaoruhusiwa kuchukua. Mto ukiwa ndani ya mbuga au msitu wa serikali, unahitaji pia ruhusa ya wanaosimamia eneo hilo. Kuvua kwa sumu, vilipuzi au chandarua cha mbu ni kosa. Usibebe samaki hai kutoka mto mmoja kumwaga katika mwingine, hata kwa nia njema.

Kwa wenye mashamba kando ya mito, kanuni za ubora wa maji za mwaka wa 2006 zilikataza kulima au kujenga katika eneo la mita 6 hadi 30 kutoka kila ukingo, kulingana na kiwango cha juu cha mafuriko. Ukanda huo ukiachiwa nyasi na miti ya kienyeji, huchuja udongo, hutia maji kivuli na hushika ukingo. Mbolea uliyonunua kwa pesa nyingi pia hubaki shambani badala ya kusafiri kwenda ziwani.

Usiingie mtoni maji yakiwa na rangi ya udongo, hata kama hapo ulipo hakujanyesha. Mvua ya Kaptagat inaweza kuinua Sosiani mjini jua likiwaka. Pima kina kwa fimbo kabla ya kila hatua, na usivue peke yako.

JIPIME

1. Kwa nini mvuvi wa trauti hutokea chini ya mto?
2. Ni sehemu gani mbili za mto zinazofaa zaidi wakati wa jioni, na kwa nini?
3. Tope likifunika kokoto, ni mambo gani mawili yanayopotea?
4. Ningu anafanana na samoni kwa jambo gani?
5. Katika mita 100 za mto ulio karibu na kwako, umehesabu sehemu ngapi?

Majibu ya maswali manne ya kwanza yako ndani ya somo hili. La tano halina jibu kwenye karatasi, sharti uende mtoni. Ukiwa na ramani ya familia au shule yako, ilete katika ofisi ya wadi ya Kimumu au kwa afisa wa uvuvi wa kaunti. Na ukimkuta kijana darajani amekaa mahali pale pale tangu asubuhi bila samaki, mwonyeshe maji ya mawe yalipo.